Omeprazoli na wenzake: tathmini ya dawa na vipimo vya vidonda vya tumbo

Kapsuli ya omeprazoli ya miligramu 20 ni dawa nzuri inayolaumiwa kwa makosa yasiyo yake. Mtu hununua karatasi moja ya kapsuli 10, humeza pale tumbo linapouma, siku ya tano akipata nafuu huacha, na mwezi haujaisha maumivu yamerudi palepale kwenye chembe ya moyo. Hapo ndipo husikika kwamba dawa ni feki, au vidonda vimekuwa sugu. Mara nyingi dawa ilifanya kazi yake: ilipunguza asidi. Kilichokuwa kinachimba kidonda hakikuguswa. Ndiyo maana tathmini hii haiishii kwenye kapsuli. Tunapima pia pakiti ya pamoja ya kuua bakteria, dawa za kutuliza zinazopangwa kando yake rafuni, na vipimo vinavyoamua nani anahitaji nini.

Kinachochimba kidonda

Tumbo hutoa asidi kali, na haliunguzwi nayo kwa sababu ukuta wake wa ndani umefunikwa na ute mzito wenye bikaboneti, kemikali inayozima asidi. Kidonda hutokea kinga hiyo inapovunjwa, na wavunjaji wakuu ni wawili: bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na dawa za maumivu za kundi la diklofenaki, ibuprofeni, naprokseni, piroksikamu na aspirini.

Bakteria huyu huishi ndani ya ute wenyewe. Hutengeneza kimeng'enya kiitwacho urease kinachovunja urea na kutoa amonia, na amonia hiyo huzima asidi iliyomzunguka. (Shika jambo hili la urea, litarudi kwenye kipimo cha pumzi.) Robin Warren na Barry Marshall walimkuza maabara huko Perth, Australia, mwaka 1982. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao yeye mwenyewe, ukuta wa tumbo lake ukavimba, na mwaka 2005 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Kabla ya hapo lawama zote zilikuwa kwa mawazo na chakula, na mpaka leo zinasikika. Pilipili na msongo wa mawazo vinaweza kuzidisha maumivu kwa mwenye kidonda, lakini mtu anaweza kuacha pilipili maisha yake yote na bakteria akabaki palepale. Sigara ni habari nyingine: inachelewesha kidonda kupona na inakirudisha.

Dawa za maumivu huzuia prostaglandini, kemikali zinazoleta uvimbe na maumivu mwilini. Bahati mbaya, prostaglandini hizohizo ndizo zinazouchochea ukuta wa tumbo kutoa ute. Kwa hiyo kuchomwa sindano ya diklofenaki, au kuitumia kwa njia ya haja kubwa, hakumwepushi mtu na kidonda: dawa inafika tumboni kupitia damu. Kuzimeza pamoja na chakula hupunguza kichefuchefu, hakuzuii kidonda. Hatari hupanda zaidi kwa aliyevuka miaka 65, aliyewahi kupata kidonda, anayetumia pia prednisoloni (dawa ya steroidi), na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Parasetamoli haimo katika kundi hili, nayo ndiyo ya kuanzia kwa mwenye vidonda anayeumwa kichwa au mgongo.

Kabla ya kununua chochote

Maumivu ya kidonda hukaa kwenye chembe ya moyo, juu ya kitovu na chini ya mbavu. Huchoma, huunguza, au hutafuna kama njaa. Kidonda kikiwa kwenye duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, huuma saa 2 hadi 3 baada ya mlo na usiku wa manane, na mtu akila hupata nafuu ya muda. Kikiwa kwenye tumbo lenyewe, mara nyingi chakula ndicho kinachokiamsha, na mgonjwa huanza kuogopa kula. Huongezeka tumbo kujaa, kichefuchefu na kushiba upesi. Tofauti hiyo ya wakati wa kuuma ni kidokezo tu, na haitoshi kuanzishia matibabu. Wapo pia wasioumwa kabisa, hasa wazee na watumiaji wa dawa za maumivu, ambao dalili ya kwanza ni kutoka damu.

Dalili zifuatazo hazina dawa dukani. Choo cheusi tii, kinachonata kama lami na chenye harufu kali, ni damu iliyopita tumboni. Kutapika damu, au matapishi yanayofanana na machicha ya kahawa, ni hivyohivyo. Maumivu makali ya ghafla yakifuatiwa na tumbo kukakamaa kama ubao yanaonyesha kidonda kimetoboka. Hayo yote ni ya hospitali saa hiyohiyo, mchana au usiku. Kupungua uzito bila kukusudia, chakula kukwama kikishuka, kutapika mara kwa mara, upungufu wa damu, au maumivu haya kumwanza mtu aliyefika miaka 60, ni ya kuchunguzwa kwa kamera kwanza. Omeprazoli hutuliza hata maumivu ya saratani ya tumbo, na miezi inayopotea mtu akijitibu kwa kapsuli hairudi. Na maumivu ya chembe ya moyo yanayopanda begani au kwenye taya, yakiambatana na jasho jembamba na pumzi kukata, yachukuliwe kuwa ya moyo mpaka daktari aseme vingine.

Kapsuli yenyewe

Ukifungua kapsuli moja juu ya karatasi nyeupe utaona punje ndogo za mviringo zikibingirika, nyeupe au zenye rangi ya maziwa. Kila punje imevikwa ganda jembamba, na ganda hilo ndilo la kulinda. Omeprazoli huharibiwa na asidi ileile inayokwenda kuizuia, hivyo inapaswa kupita tumboni ikiwa imefunikwa, ganda liyeyuke kwenye utumbo mwembamba, dawa iingie kwenye damu, kisha damu iirudishe kwenye seli zinazotengeneza asidi. Huko hunasa kwenye pampu za asidi na kuzifunga moja kwa moja; mwili hulazimika kutengeneza pampu mpya. Dawa haipaki kidonda wala haikigusi. Inakipa kidonda siku za utulivu kijifunge chenyewe.

Kutokana na safari hiyo yanapatikana masharti yote ya matumizi. Usitafune punje wala kuzisaga, kwa kuwa ganda likivunjika dawa inaharibikia tumboni. Asiyeweza kumeza kapsuli nzima aifungue, achanganye punje na maji au juisi ya tunda yenye uchachu kidogo, anywe ndani ya dakika 30, kisha asuuze glasi kwa maji na kunywa mabaki. Maziwa na maji yenye gesi havifai kwa kazi hii.

Saa ya kumeza ndiyo inayokosewa kuliko kitu kingine chochote. Pampu za asidi hufanya kazi chakula kinapoziita, na omeprazoli hunasa pampu inayofanya kazi tu. Dawa hupungua kwenye damu kwa haraka, nusu yake ikiondoka kwa takriban saa moja. Kwa hiyo meza dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa, ili dawa iwe tayari kwenye damu pampu zinapoamka. Aliyeimeza baada ya kushiba, au usiku akiwa anapanda kitandani, amemeza dawa ileile na kupata sehemu ndogo tu ya faida. Bahasha iliyoandikwa 1×1 bila kutaja "kabla ya kula" ina upungufu mkubwa, na ni haki ya mgonjwa kuuliza kabla ya kuondoka dirishani.

Siku ya kwanza dawa hufunga sehemu tu ya pampu. Nguvu yake kamili hufikiwa siku ya 3 hadi ya 5. Kwa sababu hiyo haifai kumezwa kama kidonge cha kichwa, leo ndiyo kesho hapana. Kidonda cha duodeni hutibiwa kwa miligramu 20 kila siku kwa wiki 4, yaani kapsuli 28. Kidonda cha tumbo hupona polepole zaidi, na huhitaji miligramu 20 hadi 40 kwa siku mpaka wiki 8. Karatasi moja ya kapsuli 10 haimalizi hata kimoja kati ya hivyo. Maumivu huisha siku za mwanzo, ilhali kidonda bado kiko wazi.

Kuhusu ubora, tazama mambo machache kabla ya kulipa. Omeprazoli haipendi unyevu, joto wala mwanga. Punje zilizogeuka kahawia au zambarau, au zilizogandana, zimeharibika hata kama tarehe ya mwisho haijafika. Chupa nzuri huwa na kifuko kidogo cha kukausha unyevu. Kiache humo mpaka dawa iishe. Kapsuli zilizohesabiwa kutoka kopo kubwa na kutiwa kwenye bahasha ya karatasi zimepoteza kinga yao, na mnunuzi amepoteza namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Tunashauri zilizo kwenye karatasi zake za aluminiamu au chupa iliyofungwa kiwandani.

Omeprazoli ilianza kuuzwa mwaka 1988, na tangu hapo zimefuata ndugu zake: lansoprazoli ya miligramu 30, pantoprazoli ya 40, rabeprazoli ya 20 na esomeprazoli ya 20 au 40. Kwa kuponya kidonda cha kawaida tofauti zao ni ndogo, na hatuoni sababu ya kukimbilia ya bei kubwa mwanzoni. Kuna watu ambao ini lao huvunja omeprazoli upesi mno kwa maumbile yao. Huyo akimeza kwa wakati sahihi na bado asipate nafuu, rabeprazoli au esomeprazoli ni jaribio la maana. Vonoprazani ni kizazi kingine kabisa: haihitaji kusubiri chakula, hufikia nguvu yake mapema, na kwa walio na uwezo wa kuipata ni mshirika mzuri sana wa antibiotiki.

Wapo wasiopaswa kuichukua bila kumwambia mfamasia dawa nyingine wanazotumia. Omeprazoli na esomeprazoli hupunguza nguvu ya klopidogreli, dawa wanayopewa wenye mirija ya moyo iliyoziba. Kwao pantoprazoli ndiyo huchaguliwa. Anayetumia rilpivirini asiguse dawa yoyote ya kundi hili, na anayetumia atazanaviri aulize kwanza, kwa kuwa asidi ikipungua dawa hizo za virusi vya Ukimwi hazifyonzwi vya kutosha. Levothiroksini (homoni wanayopewa wenye tezi ya shingo iliyolegea) na vidonge vya chuma navyo hufyonzwa kidogo.

Madhara ya muda mfupi ni mepesi: kichwa kuuma, kuhara au kufunga choo. Ya muda mrefu ndiyo ya kuangaliwa. Matumizi ya mwaka na zaidi yanaweza kushusha magnesiamu na vitamini B12, na yamehusishwa na kuvunjika kwa nyonga kwa wazee. Halafu kuna jambo linalowafanya wengi waamini hawawezi kuishi bila dawa: aliyeitumia wiki 8 au zaidi akiacha ghafla, seli za asidi hurudi kwa kishindo na kiungulia huwaka kwa siku kadhaa hadi wiki chache. Hiyo haimaanishi kidonda kimerudi. Punguza kwa hatua: kutoka 40 kwenda 20, kisha siku moja ndiyo moja hapana kwa wiki mbili, ukishikilia dawa ya kutuliza kwa siku ngumu. Aliyeandikiwa omeprazoli kwa sababu anatumia aspirini ya moyo kila siku asiiache bila daktari.

Kwa kapsuli peke yake tunatoa alama 9 kati ya 10. Moja imepungua kwa sababu inatuliza vizuri mno, kiasi cha kumsahaulisha mtu kutafuta chanzo.

Vipimo: usinunue jibu lisilo sahihi

Kipimo cha haraka cha damu, kile cha tone moja kwenye kadi yenye mistari, ndicho chepesi kupatikana na ndicho tunachokipa alama ya chini. Kinatafuta kingamwili, yaani kumbukumbu ya mwili kwamba uliwahi kukutana na bakteria. Kumbukumbu hiyo hubaki miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria kufa. Mtu aliyetibiwa akapona atapimwa kwa kadi hiyo, mistari miwili itokee, apewe dozi nyingine ya antibiotiki ambayo hakuihitaji. Mzunguko huo umewachosha wagonjwa wengi.

Kipimo cha kinyesi kinachotafuta antijeni, yaani chembechembe za bakteria mwenyewe, huonyesha maambukizi yaliyopo sasa, na kwa jumla ndicho tunachokipendekeza: sampuli ndogo, hakuna sindano, na usahihi wake ni mzuri. Omba kwa jina, "antijeni ya H. pylori kwenye kinyesi", kwa sababu uchunguzi wa kawaida wa choo hautafuti bakteria huyu. Kipimo cha pumzi nacho ni kizuri. Unafika ukiwa umefunga kula kwa saa kadhaa, unapuliza pumzi ya kwanza kwenye mfuko, unakunywa urea yenye kaboni maalumu, unasubiri takriban dakika 20 hadi 30, unapuliza tena. Bakteria akiwepo, urease yake huvunja urea ile na kaboni iliyowekewa alama hutoka kwenye pumzi.

Vyote viwili huharibiwa na kosa moja: kupimwa ukiwa bado unameza dawa. Omeprazoli na ndugu zake zisimamishwe wiki 2 kabla, antibiotiki na bismuti (dawa ya tumbo yenye madini, tutaikuta kwenye dawa nne hapa chini) wiki 4 kabla. Dawa hizo hupunguza bakteria bila kuwamaliza, na jibu hutoka "hakuna" ilhali wapo. Maabara ambayo haimuulizi mteja swali hilo kabla ya kupokea sampuli inauza karatasi tu.

Kamera ndiyo inayoona kidonda chenyewe. Mpira mwembamba wenye taa hupitishwa mdomoni baada ya kufunga kula saa 6 hadi 8, koo likiwa limepuliziwa dawa ya ganzi au mgonjwa akiwa amepewa ya kumsinzisha. Uchunguzi wenyewe huchukua dakika chache. Faida yake kubwa ni kwamba daktari anaweza kukata vinyama vidogo vya kupima bakteria na saratani, na hata kuzuia damu inayotoka papo hapo.

Pakiti ya pamoja ya kuua bakteria

Ukipatikana na H. pylori, omeprazoli inakuwa msaidizi na antibiotiki ndizo zenye kazi. Mchanganyiko uliozoeleka ni omeprazoli miligramu 20 kutwa mara mbili, klarithromisini miligramu 500 kutwa mara mbili, na amoksilini gramu 1 kutwa mara mbili, kwa siku 14. Hesabu kabla ya kutoka dukani: kapsuli 28 za omeprazoli, vidonge 28 vya klarithromisini na, kwa kapsuli za miligramu 500, amoksilini 56. Pungufu ya hapo, dozi haijakamilika.

Pakiti ya pamoja, ile yenye karatasi ya kila siku iliyotenganishwa asubuhi na jioni, ni ubunifu tunaoupenda kwa sababu inamwondolea mgonjwa kuhesabu. Ila soma mgongo wake. Zipo zenye siku 7 tu, kwa hiyo zinahitajika mbili. Zipo zenye klarithromisini ya 250 badala ya 500, na zipo zenye tinidazoli mahali pa amoksilini. Pakiti mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kuwa na matibabu tofauti kabisa ndani.

Kasoro kubwa ya mchanganyiko huu iko kwenye klarithromisini. Bakteria wamejenga usugu dhidi yake sehemu nyingi duniani, na mahali usugu ukivuka asilimia 15 haishauriwi kuitumia kwa kubahatisha. Vilevile mtu aliyewahi kutibiwa kifua au koo kwa klarithromisini, azithromisini au erithromisini ana uwezekano mkubwa wa kubeba bakteria waliokwisha izoea. Mwambie daktari hata kama ilikuwa miaka ya nyuma. Kwa hali hizo, na sasa kwa watu wengi kama chaguo la kwanza, dawa nne zenye bismuti ndizo tunazoziamini zaidi: omeprazoli kutwa mara mbili, bismuti kutwa mara nne, tetrasaiklini 500 kutwa mara nne, na metronidazoli 500 kutwa mara tatu au nne, kwa siku 14.

Ni mzigo, hatuurembi. Kwa metronidazoli mara tatu, na kila dozi ikiwa kidonge kimoja, ni vidonge 13 kwa siku na 182 kwa wiki mbili. Tetrasaiklini inataka glasi nzima ya maji na mtu asilale mpaka ishuke, la sivyo hukwama na kuchoma umio. Isikutane na maziwa, chuma wala dawa ya kutuliza asidi. Ipe nafasi ya saa 2. Haifai kwa mjamzito wala mtoto chini ya miaka 8. Doksisaiklini hupewa watu kama mbadala wake, lakini matokeo yake ni hafifu na hatuishauri. Metronidazoli huacha ladha ya chuma mdomoni, huweza kutia mkojo rangi ya giza, na haipatani na pombe. Bismuti hufanya ulimi na choo kuwa cheusi. Weusi huo hauna madhara. Wa kutisha ni ule unaonata kama lami wenye harufu kali, hasa ukija na kizunguzungu. Bismuti ya aina ya salisileti isitumiwe na mwenye mzio wa aspirini, kama ambavyo mwenye mzio wa penisilini hapewi amoksilini.

Wengi huacha siku ya nne au ya tano kwa sababu ya kichefuchefu na kuhara. Kumeza antibiotiki katikati ya mlo husaidia, omeprazoli ikibaki nusu saa kabla. Ukisahau dozi, meza unapokumbuka. Ikiwa saa ya inayofuata imekaribia, ruka, usimeze mbili kwa pamoja. Kuhara kukiwa kwa damu, au vipele vikitokea na midomo kuvimba, simamisha uende kituo cha afya.

Dawa za kutuliza zilizo kando

Antasidi, yaani dawa za kuzima asidi iliyokwisha kutoka, za maji na vidonge vya kutafuna hufanya kazi ndani ya dakika chache na kuisha upesi: nusu saa hadi saa moja tumbo likiwa tupu, mpaka saa 3 zikinywewa saa moja baada ya mlo. Zenye magnesiamu huharisha, zenye aluminiamu hufunga choo, ndiyo maana chupa nzuri huchanganya zote mbili. Tikisa chupa vizuri. Dawa hutuama chini na anayekunywa bila kutikisa hupata maji matamu. Mgonjwa wa figo asitumie za magnesiamu au aluminiamu bila ushauri, na mwenye shinikizo la damu aepuke zenye sodiamu nyingi. Ni nzuri kwa usiku mmoja mgumu. Kwa kuponya kidonda, hazitoshi.

Sukralfati ndiyo inayofunika kidonda kwelikweli, kama plasta. Gramu 1 kutwa mara nne, tumbo likiwa tupu. Inahitaji asidi ili inate, kwa hiyo kuimeza sambamba na antasidi ni kupoteza dawa. Famotidini, dawa ya kundi jingine la kupunguza asidi, inafaa kwa asiyeweza kutumia omeprazoli, miligramu 40 usiku kwa wiki 4 hadi 8, ingawa mwili huizoea ikitumika mfululizo. Ranitidini, ndugu ya famotidini iliyotamba kwa miaka mingi, iliagizwa kuondolewa sokoni Marekani mwaka 2020 kwa sababu ya uchafu wa NDMA unaoweza kusababisha saratani. Ukikuta karatasi za zamani nyumbani, usizitumie. Misoprostoli hukinga tumbo la anayelazimika kutumia dawa za maumivu, lakini mwanamke mwenye ujauzito asiimeze kwa hali yoyote, kwani huharibu mimba.

Maziwa huleta nafuu ya dakika chache, kisha protini na kalsiamu yake huchochea asidi zaidi. Kuhusu unga na majani yanayouzwa kwa ahadi ya kumaliza vidonda kwa siku 7: bidhaa isiyotaja kilichomo ndani, kiasi chake, wala jinsi ya kuhakikisha bakteria ameondoka, hatuwezi kuipa alama. Siku hizo za kujaribu zina gharama, kwa kuwa kidonda kinaendelea kuchimba.

Baada ya dozi

Subiri angalau wiki 4 tangu siku ya mwisho ya antibiotiki, omeprazoli ikiwa imesimama wiki 2, kisha rudia kipimo cha kinyesi au cha pumzi. Kadi ya damu isitumike hapa. Kipimo kikionyesha bakteria bado yupo, dozi ya pili isiwe na klarithromisini ileile iliyoshindwa. Mwonyeshe daktari pakiti ya kwanza au picha yake, ajue kilichokwisha tumika.

Aliyekuwa na kidonda cha duodeni, ambaye maumivu yamekwisha na kipimo ni safi, kwa kawaida hahitaji kamera tena. Aliyekuwa na kidonda cha tumbo lenyewe arudi kwenye kamera baada ya wiki 6 hadi 8 hata kama hasikii maumivu yoyote, kwa sababu baadhi ya saratani za tumbo huonekana kama kidonda cha kawaida, na kidonda ambacho hakijafunga baada ya matibabu kamili lazima kikatwe vinyama na kupimwa upya.